Prefe na Mwezi Wake

Katika miaka yote niliyomjua, Prefe hakuwahi kunong'ona. Hata msibani, watu wakiwa wamekaa kimya kwenye mikeka, alitoa pole kwa sauti ile ile aliyoitumia zamani kufukuza wanafunzi waliochelewa, na mfiwa alishtuka kana kwamba ameitwa mbele ya ubao. Shule ya sekondari aliyoiongoza ilikuwa imelala chini ya mawe tangu lava ya mwaka elfu mbili na mbili, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lake. Alikuwa Prefe, yaani mkuu wa shule, alipokuwa na shule, akabaki Prefe baada ya shule kugeuka jiwe, na nadhani hata mke wake alimwita hivyo chumbani.

Alikuwa jirani yetu pale Majengo, mjini Goma, ukuta kwa ukuta, ikiwa mbao zilizojaa matundu zinaweza kuitwa ukuta. Alivaa koti la kahawia na tai kila siku ya Mungu, hata siku za kwenda kuchota maji. Alikuwa na neno moja la Kifaransa alilolipenda kuliko chakula, "scientifiquement", yaani kisayansi, na alilitumia kueleza kwa nini maharagwe yanachelewa kuiva, kwa nini vijana wa siku hizi hawasalimii na kwa nini mke wake hana haki ya kukasirika. Mke wake alikuwa anakasirika hivyo hivyo, bila sayansi yoyote.

Siku lava ilipoingia mjini, watu walikimbia na magodoro, mbuzi, cherehani na picha za harusi. Prefe alikodi chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, akapakia janti ya kamioni, yaani rimu ya gurudumu la lori. Janti ile ndiyo ilikuwa kengele ya shule yake. Iligongwa kwa kipande cha nondo na kusikika mpaka uwanja wa ndege. Mke wake alipomuuliza sufuria ziko wapi, alimjibu kwamba shule bila kengele si shule. Mke akamwambia kwamba na nyumba bila sufuria si nyumba. Prefe akaikaza janti kamba, akasukuma chukudu.

Waliporudi mjini aliitundika janti kwenye lango lake, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukawa shule ya bweni. Aligonga asubuhi ili tuamke, ingawa wengi wetu tulikuwa tumeshaamka kwa njaa. Aligonga maji yakifika bombani. Aligonga mtoto wa mtu akionekana barabarani saa za masomo. Na mwezi ukijaa aliitundua janti jioni, akaivingirisha mbele ya nyumba zetu akiigonga na kupaza sauti, "Mwezi! Mwezi imejaa!" Hiyo ilikuwa na maana yake, maana umeme ulikuwa unatutembelea kama mgeni asiyetupenda, na usiku wa mbalamwezi uliokoa mshumaa. Lakini Prefe alikuwa na sababu nyingine. Aliamini kwamba mwezi mpevu unachanganya vichwa vya watu, na kwamba ni wajibu wa mtu aliyesoma kuwaonya wasiosoma.

Ujasiri wake ulikuwa wa vipande. Waasi walipouteka mji ile mara ya kabla ya hii ya juzi, vijana wao watatu walifika langoni kwake wakitaka kuazima janti wawaite watu mkutanoni. Prefe aliwajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, kwamba kengele hii inaita wanafunzi tu, na kama mkubwa wao anataka kuandikishwa alete kwanza cheti cha shule ya msingi. Sisi majirani tulikuwa tumelala chini sakafuni, tukiomba ardhi itumeze sisi au immeze yeye. Vijana wale walicheka wakaenda zao. Baada ya hapo Prefe aliiweka janti chini ya kitanda na hakutoka nje kwa siku nyingi, akisema ana mafua.

Sasa nimseme Kahindo, maana bila yeye ningemwacha Prefe apumzike.

Kahindo ni mtoto wa dada yangu. Tuliishi wote pamoja, mimi nikiwa mama yake mdogo, kwa sababu baba yake alikuwa njiani daima kati ya Butembo na Goma na bidhaa zake. Mtoto huyu hakupenda kushikwa. Alipanga vifuniko vya chupa kwa rangi tangu asubuhi mpaka mchana, na ole wako ukihamisha kimoja. Daktari wa mjini alituambia hali hiyo inaitwa autisme. Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita usonji. Bibi yake, mama wa baba yake, aliyekuja mara kwa mara kutoka Butembo, hakuhitaji Kifaransa wala Kitanzania. Yeye alisema ni ulozi.

Maneno ya Kahindo yalikuwa machache, na aliyaokota kwa watu wenyewe. Kila mtu alimpa jina kutokana na neno analolisema mno. Mimi nilikuwa "Ngoja", na nilipochunguza mdomo wangu nikaona ana haki. Mama yake alikuwa "Kula". Bibi, aliyeinuka na kukaa kwa kulitaja jina la Mwokozi, alikuwa "Yesu", jambo ambalo lilimfurahisha bibi na kumtia wasiwasi kwa pamoja. Mwanamke aliyepita akitangaza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa "Sambaza". Tulicheka sana na mchezo huo. Tulitafuta na jina alilompa Prefe, hatukulipata.

Shida yetu ilikuwa kelele. Mwezi ukijaa, jioni, Kahindo alikuwa anaziba masikio kwa viganja, anajigonga kichwa kwenye mbao na kupiga mayowe yaliyovuta watu barabarani, na neno lake lilikuwa moja tu, "Mwezi! Mwezi!" Bibi alikuwa ameshapata nyumba ya maombi, mahali ambapo watoto kama Kahindo walifungiwa chumbani bila chakula mpaka wakiri wamemla nani. Alituambia waziwazi kwamba mtoto akizidi kumwaibisha mwanawe namna ile, atamchukua kwa mkono wake mwenyewe ampeleke. Baba wa mtoto hakuwahi kumbishia mama yake maishani. Kwa hiyo kila yowe lilimsogeza Kahindo karibu na chumba kile, na mimi na dada yangu tuliishi tukiyaogopa mayowe kuliko tulivyoogopa volkano.

Siku familia ilipokaa kuamua, Prefe alikuja bila kualikwa, na tai yake. Alikuwa amesikia yote kupitia mbao.

"Mama, uyu mutoto haiko mulozi," alimwambia bibi. "Ni mwezi njo inamusumbua. Scientifiquement, kichwa ya mutu iko na maji mingi, na mwezi inavuta maji. Ku batoto ba autisme inavuta zaidi."

Bibi hakuwa mjinga. Alimuuliza mbona basi Ziwa Kivu halipandi mwezi ukijaa.

"Inapanda, mama. Lakini ile haionekane na macho ya mutu hana diplôme."

Bibi aliitazama tai ya Prefe. Aliheshimu diploma kuliko alivyomheshimu mchungaji wake, kwa sababu mchungaji hakuwa nayo. Akasema basi, kama ni mwezi tutangoja, maana mwezi hauna chumba cha maombi. Kahindo alibaki nyumbani. Siku ile nilimpenda Prefe kwa moyo wangu wote, na tangu siku ile imenilazimu kumpenda hata pale nilipotamani kumtupia nondo yake kichwani.

Maana alijiteua mara moja kuwa mlinzi wa mtoto. Zamani aligonga janti mwezi ukijaa na kupita zake. Sasa, kwa ajili ya Kahindo, alianza jioni ya kuamkia mwezi mpevu na kumaliza jioni ya baada yake, na hakupita tena. Aliisimamisha janti kwenye mbao zetu, pale pale penye kitanda cha mtoto, akagonga na kupaza sauti, "Mwezi! Mwezi imejaa! Mufunge madirisha! Mufunike mutoto!" Tulikuwa tunakimbia na mablanketi. Na Kahindo, bila kuchelewa hata kidogo, alikuwa anaanza mayowe. Nje, Prefe aliwageukia wapita njia na kuwauliza kama wanasikia, kama hakusema.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Sisi tulichukua miaka.

Tusichekwe sana. Kulikuwa na kelele nyingi siku hizo za mbalamwezi: watoto walicheza nje mpaka wachoke, mbwa walibweka, kanisa la jirani lilitoa spika zake barabarani. Janti ilikuwa moja tu kati ya hizo, tena iligongwa kwa upendo. Kengele ya asubuhi, iliyogongwa mara mbili tatu kule langoni, Kahindo aliivumilia chini ya blanketi. Daktari alijaribu kutusaidia. Alisema masikio ya Kahindo yanapokea kila sauti kwa nguvu asizoweza kuzipunguza. Kuhusu mwezi, alisema wazazi wengi wanamuuliza, na yeye hajui kama unawagusa watoto hawa au hauwagusi. Tuangalie tu ni nini kingine kinachotokea jioni hizo. Halafu akatuambia tumlete mtoto kila mwezi. Prefe alipopata habari hiyo alifurahi mno.

"Munaona? Hata docteur anasema kila mwezi."

Dada yangu alimweleza kwamba daktari alimaanisha mwezi wa kalenda, ule wa kodi ya nyumba. Prefe alimjibu kwamba mwezi ni mwezi. Nilifikiri nitamwonyesha kosa lake, nikakuta lugha yenyewe iko upande wake.

Kuna jioni moja blanketi lilidondoka dirishani baada ya Prefe kwenda kulala. Mwanga uliingia kupitia nyufa za mbao na kuchora mistari sakafuni. Kahindo aliacha kulia, akashuka kitandani, akaanza kupanga vifuniko vyake juu ya mistari ile, kimoja kimoja, akitabasamu. Mwezi wenyewe alikuwa anaupenda. Dada yangu alimweleza Prefe asubuhi, naye akasema huo ndio utulivu unaotangulia matatizo, akaahidi kugonga kwa nguvu zaidi.

Kwa usiku ule lava ya pili iliposhuka, sitamcheka. Mlima uliwaka mwekundu bila onyo la mtu yeyote mwenye ofisi, na aliyeuamsha mtaa ni Prefe. Aligonga mpaka viganja vikatoka damu, akapita mlango kwa mlango akiwataja watu kwa majina, na wapo wazee wanaopumua leo kwa sababu ya janti ile. Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na sisi. Kahindo alipiga mayowe muda wote, na mwezi ulikuwa haujajaa. Prefe alikuwa na jibu kabla hatujauliza: volkano imeushikia mwezi zamu.

Siku chache baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, tuliamriwa kuuhama mji. Prefe na mke wake walielekea Rutshuru kwa wakwe. Sisi tulipita Mugunga mpaka ng'ambo ya Sake, kwa shangazi mwenye shamba la migomba mbali na barabara, na huko ndiko mwezi ulipotukuta umejaa pomoni. Hatukuwa na dirisha la kufunga wala blanketi la kutosha. Kahindo alilala chali nje, uso wake ukimulikwa wote, akaulala usingizi ambao hatujawahi kuuona kwake. Dada yangu alinigusa bega, akamtazama mtoto, akatazama juu, kisha akasema neno moja tu.

"Janti."

Tuliporudi alikwenda kumwomba Prefe, kwa adabu zote, asigonge tena jioni za mwezi. Alimweleza usingizi wa kule Sake. Prefe alifikiri kidogo, akasema lava imenyonya nguvu ya mwezi kwa muda, isitudanganye. Kisha alikasirika kweli. Aliuliza ni nani atakayemlinda mtoto kama yeye akinyamaza, na hapo niliona macho yake yamelowa. Mtu akikuumiza kwa ubaya unaweza kumshitaki. Huyu alituumiza kwa wema, na wema hauna pa kushitakiwa. Mwezi uliofuata aligonga. Tukahama Majengo, tukapanga nyumba karibu na ziwa, upande wa Kituku, na mayowe ya jioni yakaisha. Bibi alisema ni maombi yake. Huko Majengo, tulisikia, Prefe alieleza kwamba ziwa linaupokea mwezi badala ya mtoto.

Miaka ikapita, mpaka waasi walipoingia tena mjini. Bibi alikuwa amekuja kututembelea, njia ya Butembo ikafungwa, akabaki nasi. Siku za risasi na mabomu sote tulipiga mayowe, bibi akiwa wa kwanza, lakini mayowe yaliyowekwa akilini yalikuwa ya Kahindo. Risasi zilipotulia, bibi alianza wimbo wake wa zamani. Alisema hakukuwa na mwezi angani siku zile zote, naye alitazama vizuri, kwa hiyo Prefe alitudanganya, na njia ikifunguliwa tu atamchukua mtoto. Kahindo alikuwa sasa msichana mrefu kunizidi. Dada yangu aliacha kulala.

Mabomba yalikuwa makavu, mji mzima ukichota ziwani. Mchana mmoja, jua likiwa utosini, tulishuka Kituku na bidoni zetu, yaani madumu ya maji, bibi akiwa nasi kwa sababu aliogopa kubaki peke yake. Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa na uchovu ule wa kutafuta wa kumlaumu. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa amekalia bidoni yake, amekonda, kofia ikimzama kichwani, koti likimpwaya, viatu bila kamba. Nilimtambua kwa tai. Sikuona janti, baadaye niliambiwa waliichukua vijana fulani wenye silaha, na safari hii hakuwaomba cheti.

Aligeuka, akatuona, akasimama kwa furaha. "Bonjour, bamama!" akasema, kwa sauti ile ile.

Kahindo aliangusha bidoni. Akaziba masikio. "Mwezi!" alipiga yowe. "Mwezi! Mwezi!"

Bibi ndiye aliyeharibu. "Munaona?" aliwaambia watu wote. "Saa sita ya muchana. Mwezi iko wapi? Banasema ni mwezi, ni mwezi. Uyu ni mulozi."

Neno hilo lilitembea kwenye foleni, na vichwa vikageuka. Mwanamume mmoja aliweka bidoni yake chini taratibu. Katika mji ule, wiki ile, neno hilo lingeweza kumaliza mtu kabla hajafika nyumbani. Dada yangu alisimama mbele ya mwanawe na mikono yake mitupu. Mimi nikasogea kando yao.

Prefe alitazama juu. Nasema kweli, baada ya miaka yote hiyo, aliutafuta mwezi mchana kweupe, kwa mazoea. Hakuuona. Akashusha macho na kumtazama Kahindo, ambaye alikuwa ametoa mkono mmoja sikioni, kwa nukta moja tu, na kumwonyesha kidole kifuani, penye tai.

Ilimchukua muda mrefu kuliko mtu mwenye diploma anavyostahili. Niliuona uso wake ukiirudia ile miaka, jioni kwa jioni. Kupitia mbao alikuwa ameyasikia majina yetu yote: mimi "Ngoja", mama yake "Kula", bibi yake "Yesu". Na mtu aliyekuja na chuma kwenye mbao za kitanda chake akipaza sauti neno moja, angeitwaje? Mtoto alikuwa ametuambia tangu mwanzo nani anamuumiza. Alimtaja kwa jina.

Prefe angeweza kunyamaza. Nadharia yake ingebaki, na Kahindo angeishia mikononi mwa foleni ile. Badala yake alivua kofia.

"Mama," alimwambia bibi, na watu wakasogea wasikie, maana sauti ilikuwa imemshuka, "mwezi ni miye."

Bibi alimuuliza anasema nini.

"Ananiita vile. Nilikuwa nagonga janti ku kitanda yake, nasema mwezi, mwezi. Ni miye njo nilikuwa namuumiza. Haiko mulozi. Iko na masikio tu."

Hakuweka neno lake la Kifaransa popote. Mwanamume aliyeweka bidoni chini aliicheka ile habari kwanza, kisha foleni nzima ikacheka, kicheko kirefu cha watu ambao hawakuwa wamecheka tangu mji uanguke: muzee wa tai ndiye mwezi. Prefe aliwaacha wacheke. Bibi alimtazama, akatazama tai, akaikumbuka diploma. Akaokota bidoni ya mjukuu wake na kuisimamisha mbele ya miguu yake.

Prefe alimsogelea Kahindo, si karibu sana. Aliinama kidogo na kufungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa chembamba hata mimi niliyekuwa kando nilikisoma midomoni kuliko kukisikia. Alinong'ona.

"Bonjour, Kahindo."

Kahindo aliitazama midomo yake. Kisha alishusha mkono mmoja. Ule mwingine aliuacha sikioni, na kwa maoni yangu alikuwa na haki.